Uchovu usioisha na "presha ya kushuka": anza na daftari, si na soda

Haipiti wiki kabla mtu hajanikalia barazani na kuniuliza lile lile. "Mwalimu, mwili umeregea. Nikisimama naona kisunzi. Nadhani presha yangu ni ya kushuka. Wewe ulikunywa nini ukapona?" Nimejibu mpaka nimechoka, na mimi na uchovu ni watu tunaojuana. Kwa hivyo naandika mara moja, atakayeuliza tena nimpe karatasi.

Mimi si daktari. Nafundisha shule ya msingi upande wa Likoni, Mombasa, na kwa zaidi ya miaka 2 nilivuka feri nikiwa nimeng'ang'ania chuma kama ajuza. Nilitibiwa malaria mara 3 bila kutobolewa kidole. Nikaambiwa ni mawazo, nikaambiwa ni jini. Majirani, kwa mapenzi yao, walinipa soda na chumvi ya kulamba. Kilichonitoa hapo ni daftari la shule na wiki 2 za kuandika. Namna ya kulijaza, na pa kulipeleka likijaa, ndiyo habari ya hapa.

Wasiotakiwa kusoma zaidi

Nenda hospitali leo hii, daftari baadaye, ikiwa: umezirai huku kifua kinauma, au umezirai ukiwa mbioni au unapanda ngazi, choo ni cheusi kama lami au umetapika damu, upande mmoja wa mwili umelegea au mdomo umepinda, unahema hali umekaa tu, una homa kali na shingo imekakamaa, unatapika au kuharisha hata maji hayakai tumboni.

Na mwanamke aliyekosa hedhi, ana maumivu ya tumbo la chini na anaona kisunzi, huyo asingoje hata chai iive. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi humwaga damu ndani kwa ndani, na wanaomtazama husema tu "presha imemshuka, mpeni soda."

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na kalamu. Simu pia inaandika, lakini daktari mwenye foleni ya watu 30 hatakupekulia picha.
- Mashine ya presha ya kuvaa mkono wa juu, yenye mkanda unaokutosha. Zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi, ziache. Huna? Azima, unaihitaji kwa asubuhi 3 tu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka mitaani walipewa mikoba yenye mashine za presha mwaka 2023. Muulize wa mtaa wako.
- Saa ya kuhesabu dakika.
- Mfuko mmoja wenye kila dawa unayomeza au kujipaka. Kila moja. Nitaueleza hatua ya 4.
- Mtu wa kusimama karibu nawe unapopima, asije akakuokota chini.

Hatua ya 1. Uchovu wako ni upi?

"Nimechoka" ni neno pana mno. Yule anayesinzia kwenye matatu kutoka Changamwe mpaka mjini si sawa na yule ambaye macho yako wazi lakini miguu haipandi ngazi za ghorofa ya pili. Wapo wasioumwa kitu wakiwa wamelala, ila wakisimama dunia inazunguka. Wapo waliopoteza hamu ya kila kitu, hata ya watu wanaowapenda. Na wapo ambao wakifua nguo leo, kesho na keshokutwa hawainuki kitandani. Huyu wa mwisho amwangalie daktari machoni na kulisema hilo kwa sauti, maana lina uzito wake, nitalirudia chini.

Ukurasa wa kwanza andika: ni upi kati ya hizo, ulianza lini, na kabla yake kulitokea nini. Homa? Uzazi? Msiba? Dawa mpya? Kisha kila jioni ongeza mistari 2: umelala saa ngapi, umekula na kunywa nini, umefanya kazi gani, umeanguka nguvu saa ngapi. Mistari 2 inatosha. Ukijitwisha kurasa utaacha siku ya tatu.

Hatua ya 2. Pima ukiwa umelala, kisha umesimama

Hapa ndipo pana kazi, na ndipo karibu kila mtu hupakosea. Presha ya kukaa kwenye kiti cha duka la dawa, baada ya kutembea juani, haikwambii mwili unafanya nini ukisimama.

Fanya asubuhi 3 tofauti, kabla ya chai, kahawa na sigara. Nenda haja ndogo, urudi kitandani.

1. Lala chali dakika 10. Usiongee, usishike simu. Pima, uandike namba ya juu, namba ya chini na mapigo ya moyo.
2. Simama. Dakika 1 ikitimia, pima.
3. Baki umesimama. Pima dakika ya 3.
4. Endelea, pima dakika ya 5 na ya 10. Waweza kuegemeza mgongo ukutani, ila usitembetembee wala kupishanisha miguu, maana misuli ya miguu husukuma damu juu na kuficha tatizo.
5. Kando ya kila namba andika unavyojisikia: giza machoni, masikio kuvuma, moyo kudunda, jasho jembamba.

Ukihisi unaanguka, kaa chini papo hapo na uandike "nimeshindwa dakika ya 6." Hilo nalo ni jibu. Mjamzito, mzee, au mtu aliyewahi kuzirai asijaribu hizo dakika 10 nyumbani; akapimwe zahanati.

Makosa niliyofanya mimi na niliyoyaona kwa wengine:

*Mkanda juu ya nguo.* Kunja mkono wa buibui au shati, mkanda ukae kwenye ngozi.

*Mkanda mkubwa kwa mkono mwembamba.* Hutoa namba ndogo kuliko ukweli. Nina hakika nusu ya wasichana wembamba walioambiwa wana presha ya kushuka walifungwa mkanda wa baba mtu mzima. Mkanda mdogo kwa mkono mnene nao hudanganya kwenda juu.

*Mkono kuning'inia.* Ukiwa umesimama, mkono uegemezwe, mkanda uwe usawa wa moyo. Ukiuacha uning'inie namba hupanda, na mshuko uliokuwa ukiutafuta hauuoni.

*Kupima mara 7 mpaka ipatikane namba unayoitaka.* Hapo unaipigia mashine ramli.

Huu ni mstari wa daftari langu mwenyewe, siku ya Jumanne, saa 12:15 asubuhi: kulala 106/68, mapigo 66. Dakika 1: 102/70, mapigo 92. Dakika 3: 104/72, mapigo 99. Dakika 10: 101/72, mapigo 104, masikio yavuma, nataka kukaa.

Umeona? Presha haikushuka. Miaka 2 nimelamba chumvi kwa ajili ya presha iliyokuwa imetulia mahali pake. Kilichopanda ni mapigo, 38 zaidi ya nilipolala.

Hatua ya 3. Soma ulichoandika

Namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama: presha yako kweli inashuka. Wa kushukiwa kwanza ni maji kidogo mwilini, dawa, na damu inayopotea. Kisha kisukari cha miaka mingi kilichochosha neva.

Presha imebaki lakini mapigo yamepanda kwa 30 au zaidi (kwa wa miaka 12 hadi 19, kwa 40 au zaidi) na kukaa huko huko: moyo unakimbia kufidia kitu. Upungufu wa damu, ukavu wa mwili, homa na tezi ya thairoidi iliyochachamaa vyote hufanya hivyo. Vikikosekana vyote na dalili zimepita miezi 3, kuna hali madaktari huiita POTS. Itaje kwa jina, kwa upole. Si kila mtu anaikumbuka.

Presha iko chini ya 90/60 kulala na kusimama, na wewe huumwi kitu: hayo ni maumbile yako. Usitibu namba.

Hakuna kilichobadilika: hujiongopei. Kusimama tu si mkosaji. Ruka uende hatua ya 6.

Mashine inasoma 150/95: usicheke, nimeyaona mara nyingi. Mtu analamba chumvi kwa "presha ya kushuka" kumbe yake iko juu, na kisunzi ni kile kile. Acha chumvi leo, ukapimwe rasmi.

Hatua ya 4. Mwaga mfuko wa dawa mezani

Dawa za presha ya kupanda, za kuongeza mkojo, za tezi dume, za nguvu za kiume, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva, zote zaweza kuishusha presha ukisimama. Ikiwa unazimeza, rudia kipimo cha hatua ya 2 siku moja masaa 2 baada ya kuzimeza. Usiziache mwenyewe! Peleka namba, daktari apunguze au abadilishe. Metfomini ya kisukari ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na hilo nalo huchosha.

Sasa lile lisilosemwa. Vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila pakiti mara nyingi ni deksamethasoni, dawa kali ya steroidi, na krimu kadhaa za kung'arisha ngozi zina dawa za jamii hiyo hiyo. Ukizitumia muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukizikata ghafla unaanguka: huna nguvu, presha chini, kichefuchefu. Hili linaweza kuua. Mwambie daktari, hata kama hutaki mumeo ajue.

Tezi hizo huweza pia kuharibika zenyewe au kwa kifua kikuu. Dalili zake: kutamani chumvi kupita kiasi, kukonda, na weusi mpya kwenye ufizi na mikunjo ya viganja. Hupimwa kwa kotisoli, homoni ya tezi hizo, damu ikitolewa asubuhi.

Muguka na miraa viandike pia. Vinakukesha, vinakukata hamu ya chakula, halafu kesho yake unashangaa umeregea.

Hatua ya 5. Ondoa yaliyo rahisi kwa wiki moja

Kabla ya kulipia maabara, jaribu haya siku 7 uone daftari linasema nini. Joto la Februari na Machi, nyuzi 32 au 33 na Kaskazi imekufa, hupanua mishipa ya ngozi na kukukausha. Kunywa maji mpaka mkojo uwe wa rangi ya majani makavu, si ya chai. Kula mara nyingi kidogo kidogo: sahani ya pilau mchana hupeleka damu tumboni, na ndiyo maana baadhi yetu tunaona kisunzi baada ya karamu. Lala masaa 7. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, muulize mwenzake wa kitanda, ana tatizo jingine la kupimwa.

Ukipata nafuu kamili, umepona kwa bei ya maji.

Hatua ya 6. Omba vipimo kwa majina

Anza kituo cha afya kilicho karibu, na uwe umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Vipimo hivi vinatosha kwa mwanzo:

- Hemogramu kamili, yaani hesabu ya damu. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ya mwanamke asiye mjamzito iwe 12 au zaidi, mjamzito 11, mwanamume 13.
- Feritini, yaani akiba ya chuma. Usikubali kuachiwa hiki. Hemoglobini yangu ilikuwa 12.2, nikaambiwa "damu iko sawa, nenda nyumbani." Feritini ilipokuja kupimwa ilikuwa 7, chini ya 15 maana yake ghala ni tupu. Jua pia kwamba maambukizi huipandisha feritini, kwa hivyo ukiwa na homa yaweza kuonekana nzuri na si nzuri.
- Sukari ya kabla ya kula. 7.0 au zaidi ni ya kisukari, irudiwe kuthibitisha.
- TSH ya tezi ya thairoidi.
- Kreatinini ya figo, na chumvi za damu: sodiamu na potasiamu.
- VVU, na makohozi ikiwa una kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku au umekonda.
- Malaria kwa kipimo, si kwa kukisia.
- Mimba, kwa yeyote anayeweza kuwa nayo.
- Choo na mkojo. Safura haijatoka pwani yetu. Minyoo hiyo hunyonya damu polepole. Waliokulia karibu na mito na mabwawa ya Kwale wataje kichocho.

Kama moyo unaruka mapigo, omba na kipimo cha umeme wa moyo. Kama ukoo una selimundu (sickle cell), sema kabla hujapewa kidonge chochote cha chuma.

Dalili moja ambayo watu huona haya kuitaja: kutamani udongo, mchele mbichi au barafu. Mimi nilitafuna barafu mpaka wanafunzi wakanipachika jina. Itaje, inaelekeza moja kwa moja kwenye chuma.

Hatua ya 7. Dakika 5 za daktari

Usianze na "nina presha ya kushuka." Umeshampa jibu, ataacha kutafuta. Anza hivi: "Daktari, tangu Mei siwezi kupanda ngazi za ghorofa ya pili. Nikisimama mapigo yanapanda kutoka 66 hadi 104. Hedhi yangu ni ya siku 8. Dawa zangu ni hizi." Kisha mpe ukurasa mmoja uliosafishwa, si daftari zima. Uliza mambo mawili: unashuku nini, na tukikosa hicho tutatafuta nini?

Hatua ya 8. Unapongoja majibu

Asubuhi usiruke kitandani. Kaa ukingoni dakika moja, chezesha nyayo, ndipo usimame. Ukingojea feri juani, pishanisha miguu na ubane mapaja, au kunja ngumi kwa nguvu. Giza hurudi nyuma. Likizidi, chuchumaa bila kuona haya. Heri kuchekwa kuliko kupasuka kichwa kwenye sakafu.

Bilauri 2 kubwa za maji zikinywewa kwa mkupuo husaidia wengi ndani ya robo saa. Ukiharisha au kutokwa jasho jingi tumia ORS, na usome pakiti inataka maji kiasi gani; zipo za lita 1 na za nusu lita.

Chumvi ya ziada ni dawa, na dawa hutolewa na daktari aliyeona namba zako. Mwenye presha ya juu, figo au moyo mbovu asiiguse.

Yakikwama

*"Vipimo vyote ni safi lakini bado siinuki."* Rudi hatua ya 1. Ikiwa uchovu umepita miezi 6, usingizi haukuburudishi, akili ina ukungu au kusimama kunakuzidi, na hasa kila kazi inakulipisha kesho yake, muulize daktari kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu uitwao ME/CFS. Hauna kipimo cha damu. Wenye nao hufanya vibaya wakilazimishwa mazoezi ya kuongeza kila wiki. Uingereza iliondoa ushauri huo kwenye mwongozo wake mwaka 2021. Gawanya kazi, pumzika kabla hujachoka. Na kama furaha imekauka kabisa, sonona ni ugonjwa wenye tiba. Aliyekwambia "ni mawazo" alipaswa kukupeleka mbele, si kukufukuza.

*"Vidonge vya chuma vinanichoma tumbo."* Mwulize daktari kuhusu kumeza kimoja siku baada ya siku. Meza na maji ya ndimu au chungwa, mbali na chai na maziwa kwa saa moja au mbili. Chai yetu ya maziwa na mahamri huzuia chuma kuingia. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, ila kikiwa chepesi, kinanata na kunuka vibaya, rudi. Vifungie vidonge mbali na watoto. Vichache tu vinaweza kumuua mdogo.

*"Ramadhani imefika."* Usinunue ugomvi na nafsi. Peleka daftari kwa daktari kabla ya mwandamo, hasa mwenye kisukari au dawa za presha, saa za kumeza zipangwe upya. Daku usiiache, na maji yanywe kidogo kidogo kutoka futari hadi daku. Ukianguka mchana, fungua, mgonjwa ameruhusiwa.

*"Nyumbani wanasema ni jini."* Sikuwahi kubishana na mama yangu. Nilikunywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, kisha nikaenda maabara. Moja halizuii jingine.

*"Nilipona, nikaacha vidonge, uchovu umerudi."* Pengine uliacha mapema: hemoglobini ikirudi sawa, chuma huendelezwa kama miezi 3 kujaza ghala. La, sivyo, kuna mahali panavuja. Kwangu ilikuwa uvimbe mdogo kwenye mfuko wa uzazi na hedhi iliyonimaliza kila mwezi, jambo nililodhani ni la wanawake wote. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye chuma kidogo asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge peke yake. Aombe atafutwe tumbo na utumbo mpaka ijulikane damu inatokea wapi.